Redio Uliyoniachia Ilikuwa Inachelewa

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumatano, 9 Oktoba 1996.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine, maana ya kwanza ni ya leo na ya pili ni ya miezi minne niliyokaa kimya. Usininunie. Goti linaendeleaje? Katika barua yako ya mwisho ulikuwa unapanda ngazi kwa kushika ukuta. Umekwenda kumwonyesha daktari, au bado unalichua kwa mafuta huku unalitukana? Na wanao hawajambo? Yule mtundu ameacha kuwajibu walimu?

Sisi huku wazima. Mama alikuwa na mafua, yamekwisha. Bibi amepata meno mapya na anayavaa wageni wakija tu. Tukiwa wenyewe anayaweka kwenye kikombe, anasema hawezi kuyachosha kwa ajili yetu. Baba yupo na vyerehani vyake vya kutengeneza. Mimi ni mzima wa mwili, lakini moyo hautulii. Nimeanza barua hii mara tatu na kila mara nasimama, nazunguka chumba, narudi. Mama amenichungulia mlangoni akasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Niko nyumbani mchana huu kwa sababu umeme umekatika, pasi zimelala, tumeambiwa tuondoke. Afadhali. Tangu asubuhi nilikuwa nakunja mashuka vibaya.

Shangazi, nikuulize kwanza hili kabla sijasahau: ulijua kwamba ile redio kaseti uliyoniachia inachelewa? Haikwami. Inachelewa, yaani inazungusha kaseti polepole kuliko inavyotakiwa, na kila wimbo unatoka mzito kidogo, na chini kidogo. Kiasi cha kibonyezo kimoja cha kinanda. Kama ulijua na ukanyamaza, tutagombana. Wanasema mwenda pole hajikwai, lakini mimi nimejikwaa kwa sababu ya upole wa redio yako, tena mbele za watu.

Ngoja nianze mwanzo.

Unakumbuka ulivyokuwa unanikalisha chini, miaka ile kabla hujasafiri, unaniambia nisimsikilize mwimbaji? Ulisema mwimbaji ni pazia tu, nyumba yenyewe ni yule anayepiga gitaa la besi huko chini. Tukampa jina, Mtu wa Chini. Tulimpenda zaidi katika wimbo wa mizigo, ule wa kwanza upande wa pili wa kaseti ya kijani. Uliposafiri nikabaki naye peke yangu. Nimekuandikia kuhusu gitaa la besi nililonunua shule ilipokuwa inasafisha stoo yake. Ambalo sikukuandikia ni kwamba sina spika. Nalipiga nikiwa nimelibana kwenye ubavu wa kabati la nguo, na kabati zima linavuma. Nyuzi nilizikaza kwa kufuata kaseti yako ya mafunzo ya gitaa, ile yenye mwalimu anayekohoa. Miaka sita nimepiga hivyo, mimi na kabati. Baba husema nguo zake zinatetemeka, basi. Hajawahi kunikataza na hajawahi kunisifu.

Sasa, kwa dobi ninakofanya kazi huja mzee mmoja kila Jumatatu na shati moja jeupe. Moja tu. Tulimwita Bwana Kola kwa sababu hajawahi kuridhika na kola. Mara imekakamaa mno, mara imelegea mno. Akionekana barabarani, wenzangu hukimbilia nyuma kujifanya wanahesabu hanga, na mimi ndiye hubaki.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa napiga pasi mashuka huku naimba kwa pua sehemu ya Mtu wa Chini katika wimbo wa mizigo. Nikageuka, Bwana Kola amesimama kaunta, shati mkononi, mdomo wazi. Nikajua ni kola.

"Mzee, tutairudia," nikamwambia.

"Achana na kola. Hiyo sauti umeipata wapi?"

"Kwenye kaseti."

"Si kweli. Kwenye kaseti haiko hapo ulipoiweka."

Nikakasirika. Unazijua hasira zangu, nimezirithi kwako. Nikamwambia kaseti ni yangu, masikio ni yangu, lake ni shati. Akaanza kugonga kaunta kwa vidole, taratibu, na Shangazi, aligonga ule mteremko wa katikati ya wimbo, ule uliokuwa unakufanya ufumbe macho. Haukupungua hata pigo moja. Halafu akasema watu wanamwita Nguzo.

"Na mimi naitwa malkia," nikamjibu.

Mama Mvuke, mwenye duka letu, akanifinya mgongoni mpaka machozi yakanitoka. Yeye alishawahi kumwona. Ndiye kweli. Ndiye yule ambaye redioni walisema amepiga besi katika nyimbo zaidi ya mia tatu za watu wengine, wanamuziki wakimtaja wanavua kofia, na jina lake haliko juu ya kaseti hata moja. Mtu wa Chini, Shangazi! Miezi kumi na mmoja nimekuwa nikimpigia pasi kola na kumsonya akiondoka.

Aliniuliza kama napiga. Nikasema napiga. Napiga na nani? Nikasema na kabati. Hakucheka, alitaka kujua ni kabati la mbao gani. Kisha akanionyesha kidole cha pete cha mkono wa kushoto, hakikunjiki tena, kimebaki kimesimama kama mtoto aliyeadhibiwa. Wanarekodi upya baadhi ya nyimbo za zamani, akasema, na yeye anatafuta mkono. Nifike Jumamosi ya tarehe tano, saa nne asubuhi.

Jumamosi kwa dobi ndiyo siku ya kufa na kupona, watu wanachukua nguo za sherehe. Nilimdanganya Mama Mvuke kwamba tumbo linaniuma. Ameniahidi usimamizi wa duka la pili akilifungua mwezi ujao, kwa hiyo lile tumbo lilikuwa linanisuta kila hatua.

Studio iko chini ya duka la fanicha. Unateremka ngazi, unakuta kuta zimebandikwa trei za mayai, na zulia linanuka sigara za zamani. Walikuwamo wanaume watano, Nguzo wa sita, amekaa kwenye kiti cha plastiki, kola imenyooka. Walinipa gitaa la studio, nikasema hapana, nimezoea langu. Ujinga wangu ulianzia hapo. Mpiga kinanda akauliza kama nimelikaza sawasawa, nikasema, kwa majivuno kabisa, kwamba halijawahi kulegea tangu nilinunue.

Tukaanza na wimbo mwingine, wa kupasha mikono. Pigo la kwanza tu, mpiga kinanda akaruka kama amekalia sindano. Wakasimama, tukaanza tena. Vilevile. Mimi nilikuwa chini yao wote, kibonyezo kimoja. Nikawaambia, Shangazi, niliwaambia watu wazima watano kwamba wao ndio wako juu! Mpiga dramu alicheka hadi akaangusha kijiti. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini tulikuwa tayari chini ya ardhi.

Nguzo akaniuliza nyuzi nilizikaza kwa kufuata nini. Nikamweleza redio yako, kaseti yako, mwalimu wa kukohoa. Akawanyamazisha wenzake. Akaniambia nipige wimbo wa mizigo, peke yangu, jinsi ninavyoujua kutoka kwenye redio hiyo.

Nikapiga. Nilipofika kwenye mteremko nilikuwa nalia kwa hasira, lakini mikono haikukosea.

Ndipo akatueleza jambo ambalo naamini ni watu wachache walikuwa wanalijua. Walipourekodi wimbo ule, miaka ishirini iliyopita, mwenye studio aliuona mzito, akasema watu hawatacheza. Wapigaji walipoondoka, akauharakisha kwenye mtambo, ukapanda juu kibonyezo kimoja, akauuza hivyo. Nguzo aliusikia barabarani kama watu wengine, ukimbio mtupu. Tangu siku hiyo hajawahi kuusikiliza hadi mwisho. Na mimi, kwa redio mbovu, nilikuwa nimeurudisha pale pale alipouweka. Siku ile kwa dobi alidhani anaota.

Fundi mitambo akasema hata yeye anaweza kuupunguza mwendo, ni kugeuza swichi tu. Mzee akamwambia anyamaze, wao wa swichi ndio waliomharibia. Akasema Jumamosi ijayo, tarehe kumi na mbili, watarekodi wimbo wa mizigo kama ulivyokuwa. Nije nipige mimi. Na nije na redio. Anataka kukaa aisikilize, hiyo hiyo, mara moja, kabla hatujaanza.

Nilirudi nyumbani naruka. Na hapo ndipo nilipoharibu.

Baba aliniuliza nilikokuwa. Nikaona mficha uchi hazai, nikamwambia. Lakini nilianza na aibu, jinsi walivyonicheka kwa sababu redio inachelewa. Nilikuwa bado sijafika kwenye sehemu tamu, mteja akamwita nje kwa ajili ya cherehani, na aliporudi mimi nilikuwa kwenye kabati nafanya mazoezi. Nikasema nitammalizia kesho. Sikummalizia. Ndugu yako unamjua, hakuuliza.

Jana nimetoka kazini nimemkuta ameketi mbele ya redio, amevaa shati la kutokea. Meza imefutwa. Akaniambia nikae. Kumbe mchana kutwa alikuwa ameifungua. Ule mpira mwembamba unaozungusha kaseti ulikuwa umelegea kwa uzee, na amezunguka maduka matatu kutafuta mpya, hakupata, akaukata mwingine kutoka kwenye vifaa vyake na kuuunga mwenyewe. "Mwanangu amechekwa kwa sababu ya kitu cha nyumba hii," akasema, "na nyumba hii ina fundi." Akabonyeza.

Wimbo wa mizigo ukatoka mbio, juu, kama mtu anayekimbizwa. Kama unavyosikika kwa watu wote.

Nililia. Baba alidhani ni furaha, akanipigapiga bega, na yeye macho yakamlowa. Miaka yote ya kabati hajasema neno, na siku aliyoamua kuniunga mkono ndiyo siku aliyoifuta ile sauti. Nikasema, "Asante, Baba." Ningesema nini kingine?

Si hayo tu. Anataka kuja Jumamosi. Ameshaifunga redio kwa kamba, ameifuta kwa mafuta ya vyerehani, anasema ataibeba mwenyewe hadi studio ili waisikie wale walionicheka. Mzee anasubiri redio inayochelewa, na Baba anampelekea redio iliyopona.

Kwa hiyo niko hapa, sikai, silali. Nikimwambia Baba ukweli namvunja. Nikinyamaza, nampelekea Mzee ukimbio ule ule alioukimbia miaka ishirini. Na sikio langu lenyewe siliamini tena. Tangu jana nikiimba kwa pua linataka kupanda. Gitaa sijaligusa, naogopa hata kulipangusa. Lile tu ndilo limebaki kwenye sauti ile ya chini.

Najua barua hii itakufikia yamekwisha. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ila nina ombi moja. Ukimwandikia Baba, mshukuru kwa kuitengeneza redio yako. Mwambie umefurahi. Usimweleze zaidi ya hapo, kamwe.

Umeme umerudi, naona taa ya jirani. Naenda kazini.

Jumamosi, 12 Oktoba, alasiri.

Shangazi, sikuituma. Nilikosa stempu Alhamisi, na Ijumaa nilikosa akili.

Tumekwenda. Baba alibeba redio kifuani kama mtoto mchanga, hakunipa hata nimsaidie ngazini. Kwa Mama Mvuke sikudanganya safari hii. Nilimwambia ninakwenda wapi, akaniambia usimamizi anampa mtu anayefika Jumamosi. Sawa. Roho iliniuma na bado inaniuma, lakini sikurudi nyuma.

Baba aliwasalimia wote kwa mkono, mmoja mmoja, akajitambulisha kwamba yeye ndiye mwenye redio. (Yako, najua.) Akaiweka juu ya meza, akaifungua kamba taratibu, akaeleza habari ya mpira. Mzee alivuta kiti cha plastiki karibu, akafumba macho. Mimi nilikuwa nimeshika ukuta kama wewe na ngazi zako.

Baba akabonyeza. Ukimbio ukajaa chumba kizima.

Mzee akafumbua macho. Akaniangalia mimi, akamwangalia Baba, aliyekuwa amesimama wima na mikono nyuma. Nikamwomba kwa macho, sijui kama niliomba vizuri. Akausikiliza wimbo wote hadi ukaisha, ule ambao hajawahi kuufikisha mwisho. Kisha akasema, "Fundi, mpira huu umeuunga vizuri sana. Hauna hata mkwaruzo." Na kwangu akasema, "Haya, kaa. Nisikilizishe wewe."

Nikakaa na gitaa langu lililolegea. Wengine, safari hii, walinifuata mimi huko chini. Nikapiga wimbo wa mizigo polepole, mzito, na kwenye mteremko nilimwona Mzee akivikunja vidole hewani, vyote isipokuwa kile kimoja. Tuliurekodi mara mbili. Alichukua ya kwanza. Hakunisifu. Aliniambia tu Jumamosi ijayo saa nne, wimbo mwingine, na safari hiyo nije nimekaza nyuzi kama binadamu.

Tulirudi na Baba kwa miguu hadi njia panda ya duka la viatu. Pale akasimama, akaihamishia redio mkono mwingine.

"Ule uliopiga wewe," akasema, "ndio ule wa kabatini."

Nikaitika.

"Ndio ninaoujua mimi. Miaka yote nasinzia nao. Huu wa kwenye redio siuelewi, unakimbilia wapi?" Akatembea kidogo, akasimama tena. "Nadhani nimekaza mno. Mbona hukuniambia?"

Nikamweleza yote, pale pale barabarani, kuanzia aibu hadi sehemu tamu. Alinisikiliza ameinamisha kichwa. Hakuvunjika, Shangazi. Alikasirika! Amenisema njia nzima kwamba namdhania yeye ni yai. Mpira wa zamani hakuutupa, fundi gani anatupa kitu, uko kwenye kopo la vifungo. Sasa hivi ninapoandika yuko mezani na bisibisi, na amenituma nikuulize, kwa kuwa redio ni yako, unaitaka ipi, iliyopona au inayochelewa. Nimemwambia jibu lako nalijua. Ameshafunga parafujo ya mwisho.

Kwa hiyo usimshukuru tena kwa kuitengeneza. Mshukuru kwa kuiharibu.

Mama anakusalimu, anasema goti lisikilizwe. Bibi anakusalimu kwa meno yote, ameyavaa kwa heshima ya barua. Baba anakusalimu bila kugeuka, bisibisi mdomoni. Nisalimie wanao, na yule mtundu mwambie kuwajibu walimu nako kuna mahali pake. Mungu akutunze huko uliko, akurudishe ukiwa na miguu yote miwili. Ukija, tutakaa chini mimi na wewe, upande wa pili wa kaseti ya kijani.

Nasikia Baba amebonyeza. Inachelewa.

Ni mimi nikupendaye, mtoto wa kaka yako,
wa kwenye kabati.